Meli Itakayopita Nyumbani

Yakima, 14 Oktoba

Kaka Arvid mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku bondeni, ambako matufaha yameshavunwa na kila mtu analalamika mgongo isipokuwa mimi, maana wangu ulijiuzulu zamani. Niko salama. Ofelia, anayenisaidia asubuhi na jioni, naye hajambo. Amemwoza binti yake mwezi uliopita, na nilicheza harusini: nilizungusha kiti changu katikati ya ukumbi mpaka shela ya bibi harusi ikanasa kwenye gurudumu. Ilichanika kidogo tu, lakini mama mkwe bado ananitazama vibaya. Wifi Inga hajambo? Mwambie salamu zake zilinifikia, ila mwaka huu jamu yake sijaiona na nimenuna.

Sasa kaa chini kwanza. Nakuja nyumbani.

Najua utasema nimerukwa na akili. Ndege sipandi tena; mara ya mwisho walikitupia kiti changu chini pamoja na masanduku, kikatolewa kijiti cha kuendeshea kinaning'inia kwenye waya, nikakaa kitandani hadi kilipopona. Watu wanadhani ni fanicha. Ile ndiyo miguu yangu, na siku hizi ndio mgongo wangu pia, maana bila ile mikanda na mito yake siwezi kukaa wima. Na feri ya magari haifiki tena Port Halvor tangu gati lake lilipobomoka. Lakini meli za watalii zinafika, kaka! Mwezi Julai kuna inayotoka Seattle, inapita Ketchikan, na kesho yake inashinda Port Halvor kutwa nzima. Ofelia ataniendesha mpaka Seattle kwa gari langu, kisha tutapanda meli pamoja. Ameshaanza kutapika kwa kuiwaza tu.

Nimempigia simu dada wa kampuni ya meli. Jambo la kwanza aliniuliza kama naweza kutembea hatua chache. Wote huuliza hivyo, kana kwamba kuna hatua chache nimezificha mahali. Tukapima mlango wa chumba kwa simu, bafu lisilo na kizingiti, nafasi ya kugeuzia kiti, na soketi ya kuchajia betri usiku. Nikamuuliza kama chini ya kitanda kuna uwazi, kwa sababu ile winchi ya kuninyanyulia ina miguu inayoingia chini ya kitanda. Akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Akaenda kuuliza, na uwazi upo.

Mara ya mwisho niliyofika kwetu, kwenye msiba wa mama, mlinibeba wanaume wanne kwenye zile ngazi. Niliingia katika nyumba niliyozaliwa nikitazama dari. Safari hii nataka niingie mlango wa jikoni nikitazama mbele, nisogee mpaka kwenye meza ya mama, wewe ukae upande huu na wifi Inga upande ule, tunywe kahawa. Hilo tu ndilo nalitaka, na nalitaka mno.

Mdogo wako,
Marlys


Port Halvor, 2 Novemba

Mdogo wangu Marlys,

Mvua inanyesha, itaendelea kunyesha, na sisi tu wazima. Masikio yangu ni yale yale. Injini za watu nilizotengeneza maisha yangu yote zimeniachia ngurumo tu, kwa hiyo usinipigie simu, utazungumza na ukuta. Andika. Inga anakusalimu sana. Kuhusu jamu, matunda yalikuwa haba mwaka huu.

Nimesoma barua yako, nikatoka nje na tepu kupima zile ngazi. Ngazi ni nyingi kuliko nilivyokumbuka, ingawa magoti yalishaniambia. Nitakujengea mteremko wa mbao, kutoka barabarani hadi mlango wa jikoni. Nipe upana wa kiti na uzito wake. Wako usinipe, nataka kulala usingizi.

Mlango wa jikoni ni mwembamba. Nitautanua. Mama angenilaani, lakini mama hayupo.

Kaka yako,
Arvid


Yakima, 23 Novemba

Kaka Arvid mpendwa,

Huku theluji imeanza kuanguka, na Ofelia ameninunulia soksi zenye picha za bata mzinga kwa ajili ya sikukuu ya shukrani. Nimezivaa kwa kumpenda tu. Mpe wifi Inga salamu za kumwaga, na mwambie matunda hayawahi kuwa haba kwenu, aniambie ukweli kama amechoka nami.

Kipimo cha kiti nimekiandika kwenye karatasi ya pili. Uzito wake, pamoja na betri, ni kama wa piano ya kanisani, kwa hiyo usijenge kwa mbao za kuchezea. Na sikiliza: mteremko mkali utanipindua. Kwa kila kipimo kimoja cha kwenda juu unahitaji kumi na mbili vya kwenda mbele. Najua maana yake ni mrefu. Uzungushe nyumba ikibidi.

Nimeshalipia! Chumba kiko upande wa kushoto wa meli, na kina roshani yenye mlango ninaoweza kupita. Nimemwonyesha Ofelia picha ya Port Halvor kwenye karatasi ya kampuni. Pembeni, nyuma ya kiwanda cha samaki, lile paa la kijani ni letu. Nimelipapasa kwa kidole mpaka karatasi imechakaa.

Samahani kwa mwandiko, kalamu ni mbovu.

Marlys


Port Halvor, 30 Januari

Mdogo wangu,

Tu wazima. Inga anakusalimu sana. Anapenda kukaa dirishani akinitazama nikipiga misumari.

Kumi na mbili kwa moja! Ungeniambia kabla sijajisifu mjini. Mteremko wako unatoka jikoni, unapita kibanda cha kuni, unakata kona kwenye choo cha zamani, unaingia ua wa jirani yangu Haakon, kisha ndiyo unashuka barabarani. Haakon alikuja na kahawa yake akasimama kutazama.

"Arvid," akasema, nikamsoma midomo, "unajenga bandari au unajenga nini?"

"Dada yangu anakuja."

"Anakuja na treni?"

Nikamweleza. Kesho yake akarudi na nyundo, naye akang'oa uzio wake mwenyewe bila kuombwa. Tangu hapo wanakuja wengine. Wazee wa kanisani wanabishana juu ya skrubu kuliko wanavyobishana juu ya mahubiri. Mbao ni za mwerezi wa njano, hazitaoza mimi na wewe tukiwa hai. Juu yake nimepigilia wavu ili magurudumu yasiteleze kwenye mvua.

Jambo lingine. Kalamu yako ni mbovu kwenye barua ya pili sasa. Nunua nyingine au niambie kweli.

Arvid


Yakima, 19 Machi

Kaka Arvid,

Nimechelewa kukuandikia na ninajua. Huku kwema. Ofelia ana mafua. Salamu kwa wifi.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Kwenye ratiba ya meli, kila bandari ina vialama pembeni. Pembeni ya Port Halvor kuna nanga ndogo imechorwa. Mimi, niliyezaliwa bandarini, binti wa mzee wetu Lien wa kiwanda cha samaki, nikadhani ni pambo. Nikasema, tazama, wameiwekea Port Halvor nanga, inapendeza. Juzi nimejaza fomu yao ya kiti, yule dada akanipigia simu, sauti yake imepoa. Nanga ile maana yake meli ni kubwa mno kwa gati letu. Itasimama nje kwenye ghuba, na watu watashushwa kwa mashua ndogo. Na viti vya umeme haviruhusiwi kwenye mashua hizo. Ni vizito, na pale pa kuvukia panapanda na kushuka na mawimbi.

Akaniambia mabaharia wanaweza kunishika, waniweke kwenye kiti chepesi cha kusukumwa. Nilikataa kabla hajamaliza. Bila kiti changu mwili hausimami, kaka. Ningefika kwenye meza ya mama nimelala ubavu. Nikauliza kama wewe unaweza kuja melini. Wageni hawaruhusiwi. Kwa hiyo nitaiona nyumba yetu kutwa nzima kutoka roshanini, na mteremko wako wa mwerezi nitauona kwa darubini. Nimelia, nisikufiche. Ofelia naye amelia, na mafua yake yale.

Halafu nikafikiri. Siku moja kabla, meli inafunga gatini Ketchikan, gati hasa, nashuka kwa kiti changu. Kutoka kwenu hadi Ketchikan kwa ndege ile inayotua majini ni mwendo wa kunywa kikombe cha chai. Njoo, kaka. Njoo na wifi. Nitawasubiri hapo hapo gatini, hata mvua iwe inanyesha ya ndoo. Tutatafuta meza, na haitakuwa ya mama, lakini tutakuwa watatu.

Nijibu upesi.

Marlys


Port Halvor, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Pole sana. Niliona kila mwaka meli zile zinasimama nje, nikadhani kwa mtu kama wewe wana namna yao. Sikuuliza. Ningeuliza.

Ketchikan sitaweza. Paa linavuja upande wa kaskazini, na Julai ndio wakati wa kulishughulikia. Pia kuna samoni wa kukausha. Pia Haakon ananihitaji kwa injini yake.

Mteremko umekwisha. Ni mzuri.

Inga anakusalimu sana.

Arvid


Yakima, 6 Mei

Arvid,

Nimekusalimu, na wifi nimemsalimu. Miti ya matufaha imechanua na sina habari nayo.

Paa? Samoni? Injini ya Haakon? Umetumia majira mazima ya baridi ukinijengea njia inayozunguka kijiji, halafu kuruka nusu saa unanitajia paa. Miaka yote nimejiambia kwamba ni mimi ndiye nisiyeweza kuja. Hilo nilizoea. Kwamba wewe unaweza na hutaki, hilo sikulijua, na limenichoma.

Uliniambia ninunue kalamu. Kalamu ni nzima. Kinachonitoka ni mkono wa kulia, ule ninaoendeshea kiti. Maradhi yamepanda hadi vidoleni. Daktari anasema mwakani nitakuwa naendesha kwa kidevu, na nitahitaji watu wawili wa kunihudumia badala ya mmoja, na yeye hanishauri tena kusafiri. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uje kwa huruma. Basi, kumbe huji kabisa.

Barua hii imenichukua siku tatu kuiandika. Nadhani nitaghairi safari. Kwenda kutazama paa la kijani kutoka mbali, na mwenye paa hataki kuniona, ni kujitesa bure.

Marlys


Port Halvor, 27 Mei

Marlys mdogo wangu, Marlys wetu,

Leo sianzi na salamu, kwa sababu ndizo zilizoharibika.

Inga hajakusalimu. Hajamsalimu mtu kwa muda mrefu. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akasahau majina, na majira ya baridi ya mwaka juzi akanisahau mimi. Ananiita bwana fundi. Nikimpa chai ananishukuru kwa adabu, kisha ananiuliza mke wangu yuko wapi. Namjibu yupo karibu. Jamu hakuna kwa sababu hakuna wa kuipika. Nilijaribu mimi nikaunguza sufuria.

Katika kila barua niliandika kwamba anakusalimu, kwa sababu Inga niliyemwoa angekusalimu. Alikupenda, unajua. Nilikuwa nikikuandikia, ninamsikia moyoni akisema kutoka jikoni, mwambie Marlys hivi, mwambie vile. Nilipoacha kumsikia nikaendelea kuandika. Nilihisi kwamba siku nitakayoacha, ndipo atakuwa ameondoka kweli.

Ndege siwezi kumpandisha. Vuli iliyopita nilimpeleka kwa daktari, akapiga kelele njia nzima akitaka kufungua mlango. Kumwacha na watu nako siwezi. Nilimwacha kwa mke wa Haakon asubuhi moja, akatoka bila viatu kwenda kumtafuta baba yake, aliyezikwa sisi bado vijana. Paa linavuja, hilo ni kweli. Lakini nisingekukosa kwa sababu ya paa. Naona haya hata kwamba niliandika.

Na mkono wako. Nimeisoma ile sehemu, nikaenda kusimama kwenye mteremko, nikabaki pale juu mlangoni mpaka nikalowa chapachapa.

Usighairi. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Kuna mahali pamoja tu ambapo Inga hutulia: kwenye mashua yangu. Ni ndogo mno kufika Ketchikan, lakini ghubani inafika. Alikua kwenye mashua. Anakaa mbele, anatia mkono majini, anakuwa msichana. Nitamleta. Walinzi hawataniruhusu kusogea ubavuni mwa meli, nitakaa mbali kidogo, na mimi sitakusikia hata ukipiga tarumbeta. Lakini nitakuwa pale asubuhi, na nitakuwa pale mpaka mtakapong'oa nanga.

Kiti chako kina taa?

Kaka yako,
Arvid


Yakima, 15 Juni

Kaka yangu,

Anaandika Ofelia, mimi nasema. Anasema nisiseme haraka.

Kina taa mbili mbele, kali, Ofelia huniambia nizizime nisiwapofushe watu dukani. Nitaziwasha.

Nisamehe kwa barua ile ya Mei. Sitaifuta, maana niliumia kweli, lakini nisamehe. Natamani ningekuwa pale jikoni nikusikie ukiitwa bwana fundi, nikucheke kidogo ili usibaki na hilo peke yako. Ulibeba mzigo huo miaka miwili ukinipa salamu mimi.

Mimi naja. Nitavaa lile koti jekundu la mama. Mwambie wifi kwamba Marlys anamsalimu. Mwambie hata kama hajui ni nani.

Marlys

Bwana Arvid, hapa ni mimi Ofelia kwa upande wangu. Nitatapika, lakini nitampeleka roshanini. Usiwe na wasiwasi.


Port Halvor, 20 Julai

Mdogo wangu Marlys,

Natumaini mmefika salama na Ofelia ameanza kula. Huku mvua imesimama siku mbili na watu wanalalamikia jua.

Wewe uliona ya kwako kutoka juu, na mimi nakupa niliyoyaona kutoka chini. Tulitoka kabla ya kifungua kinywa. Meli ilikuwa imegeuzwa na mkondo, upande wako umeelekea bahari kuu, kwa hiyo nyumba hukuiona asubuhi ile, na mimi nilitazama roshani zote za upande wa mji nikaona wageni tu wakinywa kahawa. Nikazunguka. Mlinzi akaja na boti yake kuniambia nisogee mbali, nikamwonyesha masikio, akaniandikia kwenye kiganja chake umbali, nikautii. Ukungu ulikuwa umeshuka. Halafu nikaona taa mbili.

Nilizima injini. Sikuweza kukuona uso, nilikuona koti. Nilimwona Ofelia akipeperusha shuka zima la kitanda cha meli. Ulizizima taa, ukaziwasha, ukazizima. Nilivua kofia na sikujua nifanye nini nayo, nikaishika tu. Nadhani nilikuwa nasema maneno, lakini sijui nilisema nini, mwenyewe sijisikii. Nilikulilia, Marlys. Umri huu wangu wote.

Tulikaa hivyo. Mkondo ukabadilika mchana, meli ikageuka polepole, na wewe ukageuka nayo ukaielekea nyumba. Nilikupisha. Nilijua sasa unaliona paa, na mteremko ukizunguka ua wa Haakon mpaka mlango wa jikoni. Niliuacha mlango wazi tangu asubuhi kwa ajili hiyo.

Mteremko haujapotea bure, usihuzunike. Inga alikuwa ameanza kuogopa ngazi. Sasa jioni anashuka na kupanda peke yake, mkono kwenye reli, na mimi nyuma yake.

Nimeacha jambo moja mpaka mwisho. Kule majini, taa zako zilipowaka mara ya kwanza, Inga alitoa mkono kwenye maji akanigeukia. Midomo yake naisoma vizuri kuliko ya mtu yeyote.

"Nani yule, bwana fundi?"

"Dada yangu," nikamwambia. "Ametoka mbali."

"Mbona haji kunywa kahawa?"

"Hawezi kushuka."

Akatazama juu kwenye taa zako. Kisha akainua mkono ule uliolowa, akakupungia. Uliuona, najua, kwa sababu ulizizima taa ukaziwasha upesi upesi.

"Basi msalimie," akasema.

Kwa hiyo nakufikishia, na safari hii ni yeye mwenyewe aliyenituma: Inga anakusalimu.

Kaka yako,
Arvid